Kaka Yetu, Fundi Bomoa: Mwashi na Mfuasi wa Kristo (1951–2023)

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wenzetu, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kusoma habari za maisha ya kaka yetu. Mwenyewe aliniachia agizo: nisimpambe kama bibi harusi, na nisijifiche nyuma ya jeneza lake. Hilo la pili ndilo gumu, maana ndani ya maisha yake kuna kosa langu ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Nitalisema nikilifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa mchoma matofali, mama alikuwa mkunga. Mama alisimulia kwamba siku hiyo baba alitoka kwenye tanuri akiwa na masizi mpaka kwenye kope, akainama kumwona mwanawe, na mtoto akapiga chafya. Mama akasema, "Huyu, vumbi litamlisha au litamla." Lilifanya yote mawili, kama mtakavyosikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Hesabu alikuwa wembe. Imla ilimtoa jasho. Mwaka 1969 alipata cheti cha uashi katika chuo cha ufundi, na tarehe 22 Aprili 1973, akiwa mtu mzima mwenye akili zake, alibatizwa. Hakuwa mhubiri. Akiombwa kuombea chakula alisema, "Bwana, tunashukuru, amina," na kijiko kilikuwa tayari mkononi. Watoto wote wa ukoo walitaka aombe yeye. Lakini kumfuata Yesu aliuona ni kazi ya wiki nzima. "Jumapili," alikuwa akisema, "tunakwenda kupimwa tu kama tumenyooka."

Mwaka 1977 alijigonga kidole kwa nyundo, akaenda zahanati, akafungwa bandeji na muuguzi mmoja mwenye maneno machache. Alirudi siku ya tatu, na ya tano, na ya nane. Mara ya nne muuguzi alimwambia, "Fundi, kidole hiki kimepona tangu wiki iliyopita. Sasa sema, unaumwa wapi?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa watoto wanne.

Sasa nimelifikia. Mwaka 1992 kanisa letu lilimpa kazi ya kujenga darasa la watoto wa shule ya Jumapili. Tulikuwa tumemwaga lenta jana yake, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya mlango na madirisha, kaka alipoitwa kwenda kumuuguza mama kwa wiki mbili. Aliniachia maagizo: "Mwagilia maji asubuhi na jioni. Na mbao usiziguse mpaka siku ya kumi na nne." Kila fundi anajua sababu. Zege changa hubebwa na mbao zake. Ukizivua mapema, linajibeba kabla halijapata nguvu. Mimi nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza ya pembeni, kibanda cha kinyozi, na mbao sikuwa nazo. Siku ya tano nikazivua. Ufa ukatokea juu ya mlango, mwembamba kama unywele. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, tena kwa plasta safi, na ukuta ulijengwa vilevile.

Jumamosi ya tarehe 5 Septemba, siku moja kabla ya uzinduzi, kaka alipita akigonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Juu ya mlango plasta ililia kama debe tupu. Akakwangua, akauona ufa, akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Kesho yake, wageni wamejaa na utepe umefungwa mlangoni, alisimama akasema, "Mchungaji, naomba utepe usikatwe. Lenta ni mbovu. Fundi ni mimi. Kesho naibomoa, naijenga upya kwa saruji yangu."

Mzee mmoja wa kanisa alimnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka nyuma: "Sasa si ungengoja wageni waondoke?"

"Mzee wangu, wageni wataondoka. Watoto ndio watakaokaa chini yake."

Hakusema uongo, kwa kuwa fundi mkuu alikuwa yeye. Lakini aliyezivua mbao alikuwa benchi la tatu, amevaa suti ya kuazima, na wimbo wa mwisho aliuimba pamoja na ninyi. Niliona aibu, na niliogopa kuliko nilivyoona aibu.

Tangu wiki ile mtaa ulimwita Fundi Bomoa. Walitania kwamba ukimpa kazi leo, keshokutwa utalala nje. Kwa karibu miaka miwili alikuwa anaziba vyoo na kurekebisha ngazi za watu, na shemeji ndiye aliyeishikilia nyumba kwa kazi yake ya uuguzi. Sikumsikia akilalamika, wala mimi sikufungua mdomo. Kisha mwaka 1994 mwalimu mkuu wa shule ya sekondari alimfuata nyumbani. "Wewe ndiye unayebomoa kazi yako mwenyewe ikiwa mbaya?" Kaka akakubali. "Basi njoo unijengee maabara." Hakukosa kazi tena mpaka alipostaafu mwaka 2016.

Mwezi Februari 2022 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Daktari alisema ni vumbi la saruji, limekaa kwenye mapafu miaka mingi. Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba mwaka huu, saa ya kuona wagonjwa, nilikaa pembeni ya kitanda chake, nikasema.

"Kaka, ile lenta. Mbao nilizivua mimi, siku ya tano."

"Najua. Nilizikuta kwa kinyozi, na alama yangu nyekundu juu yake."

"Mbona hukunitaja?"

"Ulikuwa umeoa juzi. Nani angekupa kazi? Nikasema utakuja kusema mwenyewe." Akavuta pumzi. "Ila mdogo wangu, nawe umenisubirisha!"

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutukemea. Nilimwomba msamaha. Akasema alinisamehe Jumatatu ileile, akiwa juu ya ngazi, kwa kuwa nyundo ilikuwa nzito na asingeweza kubeba vyote viwili. Kisha akaongeza, "Kwangu umemaliza. Wamebaki wale walionisikia nikisema fundi ni mimi."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Shemeji alikuwa amemshika mkono, dirisha liko wazi kama alivyopenda.

Kaka yetu mkubwa alimtangulia. Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, dada wawili na mdogo mmoja wa kiume. Mdogo huyo ndiye mimi. Wazee wa kanisa, ninyi mliosoma katika darasa lile, na wewe shemeji uliyebeba nyumba miaka ile, kosa lilikuwa langu na jina baya akalibeba yeye. Nimechelewa miaka thelathini na moja. Naomba mnisamehe.

Mungu wa rehema ampokee mtumishi wake, nasi atufundishe kusema kweli mapema. Pumzika kwa amani, kaka. Nimesema.