Mama Pasi Anahamia Hotelini

Benchi lile lina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Liko kwenye kona, ng'ambo ya barabara kutoka iliyokuwa hoteli ya ghorofa tano, na wanaolikalia wana kazi moja tu ya uhakika: kujua mambo. Yupo Bawabu, aliyefungua mlango wa mbele wa hoteli ile miaka ishirini mpaka ilipofungwa. Yupo Fundi Redio, ambaye redio za watu hukaa kwake mpaka wenyewe wakanunua nyingine. Yupo Takwimu, karani mstaafu, ambaye hana neno lisilo na namba wala namba yenye ushahidi. Na anayewauzia kahawa wote hao ni Mama Pasi, aliyepiga pasi shuka za hoteli hiyo miaka kumi na tisa. Ilipofungwa akabaki na birika, vikombe sita na jina.

Siku hiyo alikuwa amewaachia birika wajihudumie. Halmashauri ilikuwa imeinunua hoteli na kugeuza vyumba kuwa makazi ya watu wa kipato cha chini, na barua ya Mama Pasi ilisema wazi: chumba namba 214, afike mwenyewe kuchukua ufunguo kabla ya saa kumi, la sivyo atapewa anayefuata kwenye orodha. Miaka minne sasa alikuwa akilala sebuleni kwa mkwewe, mume wa bintiye. Anatandika godoro mkwe akishaingia chumbani, analikunja kabla mkwe hajaamka, asije akamkuta hajajisitiri. Mkwe hakuwahi kusema neno baya. Hilo ndilo lililomchosha zaidi, kuishi kwa adabu ya mtu. Saa nane na nusu aliondoka kwa mwendo wa bibi harusi. Saa tisa na robo alirudi, akakalia ndoo yake aliyoigeuza kiti, asimwangalie mtu.

— Vipi tena? akauliza Bawabu. Ufunguo uko wapi?

— Wameziba, akasema Mama Pasi. Nimefika nimekuta ukuta. Mlango mzima umejengwa tofali, na plasta juu.

Benchi likameza funda moja kwa heshima. Halafu kila mtu akakumbuka kwamba jambo hili alikuwa analijua tangu zamani.

— Nilisema mimi! Takwimu akapiga paja. Asilimia tisini na mbili ya majengo yanayogawiwa bure huzibwa siku ileile ya kugawiwa.

— Si bure, akasema Mama Pasi. Kuna kodi, ndogo, lakini ipo.

— Basi tisini na nne.

Fundi Redio akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa.

— Nyie hamjui kitu. Jengo limekaa tupu miaka minne, wanaogopa litaanguka. Kwa hiyo wanaingiza kwanza watu kama sisi, mmoja mmoja, kupima uzito. Likinesa kidogo tu, wanaziba.

— Sasa mimi nimelinesesha saa ngapi, na hata sijaingia?

— Wamekuona kwa mbali, wakapiga hesabu.

Siku nyingine Mama Pasi angecheka mpaka mbavu zimuume, maana mwili anao na haufichi. Leo alitazama simu yake. Saa tisa na dakika ishirini na tano.

— Niulizeni mimi niliyekula mshahara wa mle ndani, akasema Bawabu. Bwawa la kuogelea wamelifukia. Mtu mwenye akili zake anafukia bwawa la nini?

— Watoto wasizame, akasema Mama Pasi.

— Ndivyo wanavyotaka ufikiri! Chini ya bwawa kuna njia. Inatokea benki.

— Mita mia tatu na kumi na saba, Takwimu akathibitisha.

— Benki si imejengwa juzi tu hapa? akauliza Mama Pasi.

— Unafikiri kwa nini waliijenga hapo? Walijua njia ipo!

— Hapana, hapana, Fundi Redio akaweka kikombe chini. Tatizo ni Mama Pasi mwenyewe. Miaka kumi na tisa ya shuka za wakubwa! Huyu ana siri za watu. Hawawezi kumrudisha mle ndani.

— Siri gani, Fundi? Shuka inasema mtu kalala au hakulala, basi.

— Umeona? Ameanza kutoa.

Mama Pasi alitaka kulia, na alitaka kuwapiga na birika, na hakujua aanze na lipi. Asubuhi ile alikuwa amelifunga godoro lake kamba mbele ya bintiye na mkwewe, akicheka, akawaambia leo nawapisha sebule yenu. Sasa arudi alifungue mbele yao? Saa tisa na dakika arobaini. Huko ndani karani wa halmashauri anafunua ukurasa, anatafuta anayefuata.

Hapo ndipo akatokea mwanaume mgeni, godoro kichwani, kikaango mkononi, jasho linamtiririka. Akateremsha mzigo kando ya benchi.

— Mama, nipe kahawa nipumue kwanza. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, na lifti bado.

— Ghorofa ya nne ya wapi? akauliza Mama Pasi.

— Hapo hotelini. Nimepewa ufunguo mchana.

— Umepita wapi? Pamezibwa!

— Kule nyuma? Kule wamejenga jiko la wakazi, mlango hawauhitaji tena. Mgeni akamtazama bila utani wowote. Kwani mama, mbona hukupita mlango wa mbele?

Takwimu alifungua mdomo, hakuna namba iliyotoka. Tangu asubuhi watu walikuwa wakiingia mlango ule na ndoo, vitanda na watoto mgongoni, na wao wakiwatazama na kuwasengenya mmoja mmoja. Mama Pasi naye aliwaona. Ila miguu yake ilijua njia moja tu, ya uchochoroni. Siku yake ya kwanza kazini alikwenda mlango wa mbele, viatu vimepigwa rangi, na bawabu mwenye kofia akamwambia: "Dada, nyie ni kule nyuma." Hakurudia tena.

Bawabu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

— Ni mimi niliyekwambia upite nyuma, akasema.

— Ulikuwa kazini, baba.

— Saa ngapi sasa hivi? akauliza Bawabu.

— Tisa na dakika arobaini na nane, akasema Takwimu, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu namba yake ilikuwa sahihi.

Bawabu akasimama. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akavuka barabara bila kuangalia magari, honi zikamlilia, akapanda ngazi tatu. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali usijifunge. Akalisukuma tofali kwa mguu, akaufunga, kusudi apate kuufungua. Mama Pasi alikuwa nyuma yake akihema, roho juu, barua mkononi. Bawabu akanyoosha mgongo, akavuta mlango ule mzito mpaka mwisho.

— Karibu sana, mama. Mizigo yako?

Mama Pasi akatazama mikono yake. Mmoja una barua, mwingine umeshika birika, hakukumbuka kulibeba.

— Ni huu tu. Mwingine uko kwa mkwe, umeshafungwa kamba.

Bawabu akalipokea birika kwa mikono miwili, akatangulia mbele kuelekea meza ya karani, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yao.

Benchini waliinua shingo kutazama madirisha. Dakika zikapita. Halafu dirisha moja la ghorofa ya pili likafunguka kwa nguvu, kichwa cha Mama Pasi kikatokeza, kikifuatwa na mkono wenye ufunguo, na kigelegele kikashuka mpaka barabarani, hata mwenye baiskeli akasimama.

— Ngazi thelathini na sita, akasema Takwimu, akijifuta macho. Kapanda zote.

Mgeni alikuwa bado ameshika kikombe kitupu.

— Na kahawa yangu je?

— Imehamia 214, akasema Fundi Redio. Panda.