Mtoro na Povu la Sabuni

Ndugu, majirani na mafundi mliokuja kutusindikiza, maneno haya anayasoma shemeji ya marehemu kwa niaba ya familia, ila ni yangu mimi bibi yake, ambaye kalamu sikuijua lakini huyu mtoto nilimjua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983, katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, akiwa msichana, mtoto wa kwanza wa binti yangu, nami nikamlea tangu alipoachishwa ziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1991, na wiki ya tatu tu akakutwa kwa fundi baiskeli, kakumbatia pampu, mwalimu akamwita Mtoro, jina lililomganda hadi leo, ingawa alimaliza sekondari mwaka 2001, na mwaka 2005 akapata stashahada ya ufundi mitambo.

Mwaka 2006 aliajiriwa kiwanda cha mitungi ya oksijeni, kazi yake kupaka povu la sabuni kwenye viungo, panapochemka mapovu ndipo panapovuja, na siku moja yakachemka kwenye mshono wa mchomeleaji mmoja mwenye maringo, wakanuniana mwezi mzima, kisha tarehe 6 Desemba 2008 wakafunga ndoa, nasi tukamwambia bwana harusi, mchomeleaji huyo, aishukuru sabuni. Walijaliwa binti mwaka 2010 na mwana mwaka 2013.

Mwaka 2017 alihamia mtambo wa hidrojeni, ambako umeme wa jua la mchana hutengeneza gesi, gesi ikawekwa akiba ili iwashe taa za hospitali jua likizama. Nilimuuliza ugumu uko wapi, akanikumbusha pampu ya baiskeli inavyochoma kiganja, akasema gesi hii nayo ukiishindilia inapata moto, kwa hiyo wanaishindilia kwa hatua tatu wakiipoza katikati, na kwa wepesi wake inapita pasipopita hewa, inajipenyeza hata ndani ya chuma kikakatika kama biskuti, halafu akacheka, "Bibi, safari hii mtoro kapewa mtoro amchunge."

Sili mbili za kompresa, yaani vizuia-mvujo vya mashine ile ya kushindilia, zilishindwa kuizuia, wakubwa wakasema ya tatu ikivuja mtambo unafungwa, naye akaichora ya tatu kwa mkono wake, lakini kabla haijajaribiwa figo zikamgomea, Novemba 2024, na tarehe 22 Aprili 2025 akalazwa katika hospitali ileile. Asubuhi ya tarehe 7 Mei mumewe, anayechomelea mtambo uleule, aliingia wodini na ovaroli yake, akamwambia sili yake imefungwa, gesi imekaa siku tatu na mshale wa geji ya kupimia shinikizo haujashuka, naye badala ya kufurahi akauliza, "Mmepaka sabuni?"

"Tumepaka mara mbili, mama watoto. Hakuna hata povu moja."

Akaomba chai, ya kwanza kwa wiki nzima, akainywa yote. Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomruhusu mtu mwenye grisi aingie wodini, majirani waliowalisha watoto wetu bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, ninyi mlioniita dirishani jana jioni nione taa za wodi ile zikiwaka kwa gesi yake. Binti yake ameiomba brashi ya sabuni, nimempa.

Mtoro wangu, uliyemchunga ametulia, sasa tulia na wewe, pumzika kwa amani.