Kaleb Hiza na Umeme wa Majani

Marehemu Kaleb Matayo Hiza alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1983, saa nne asubuhi, hapa Kwamndolwa, Korogwe, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Matayo Hiza na mama Evodia. Babu yake, Laurenti Hiza, alishuka kutoka milima ya Lushoto kuja kukata mkonge, akakutana na mimi, Mzigua wa Handeni, akasahau njia ya kurudi. Mimi ni Grasiana, bibi mzaa baba. Shule sikwenda, kwa hiyo maneno haya nimeyasema kwa mdomo, na mdogo wake marehemu, Godlisten, ameyaandika na ndiye anayewasomea. Familia imeniomba nisitie chumvi. Nimekubali, isipokuwa hapa mwanzo tu: siku aliyozaliwa Kaleb, mto Pangani ulirudi nyuma hatua saba ili umtazame vizuri. Basi, nimemaliza. Kuanzia hapa ni kweli tupu, maana leo nina jambo la kusema, na nataka niaminiwe.

Kwa desturi yetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na utani baina yao hauna mpaka. Alipokuwa na miaka sita nilimwonyesha kifauongo, yale majani madogo yanayojifunga ukiyagusa, yaliyojaa kando ya njia ya mkonge. Nikamwambia, “Mume wangu, hili jani lina haya. Linajifunika kwa sababu limemwona mkwe wake anapita.” Akachuchumaa, akaligusa, akaligusa tena. Akaniuliza, “Bibi, macho yake yako wapi?” Nikamwambia yako chini ya udongo. Kesho yake nikakuta vifauongo vyote vya nyuma ya choo vimeng’olewa, mtoto kakaa katikati ya mizizi, uso umejaa hasira. “Bibi, nimetafuta yote. Hayana macho.”

Mwaka uliofuata aliniona nikikata vitunguu vya kachumbari na kuvinyunyizia chumvi. Akaona maji yanatoka, akashangaa. Nikamweleza kwamba maji ni mfuasi wa chumvi: chumvi ikikaa nje, maji nayo yanatoka nje. Hilo halikuwa uongo, na mwenyewe alikuwa akiwaambia wasomi wenzake kwamba somo lake la kwanza la sayansi alilipatia kwenye bakuli la kachumbari.

Alianza darasa la kwanza hapa hapa Kwamndolwa mwaka 1991 na kumaliza la saba mwaka 1997. Sekondari alisoma Korogwe, kidato cha tano na sita Tanga, kisha akaenda Morogoro kusomea kilimo, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 2008. Baba yake alifariki mwaka uliofuata, na wengi walidhani Kaleb angeacha masomo akashike jembe. Mama yake, Evodia, aliuza shamba la ndizi akamrudisha chuoni. Mwaka 2011 alipata shahada ya pili. Nilipomuuliza kasomea nini miaka yote hiyo, alinijibu, “Bibi, bado natafuta macho ya kifauongo.”

Mwaka 2012, tarehe 21 Julai, alifunga ndoa na Joyceline, binti wa Kabuku. Mimi nilijilaza mlangoni nikasema bibi harusi haingii nyumbani kwa mume wangu bila kibali cha mke mkubwa. Joyceline hakubabaika. Alinivuka kwa adabu, akasema, “Shikamoo mke mwenzangu, naona umelala mapema.” Tangu siku ile nilimpenda, na mpaka leo tunaitana hivyo hivyo.

Aliajiriwa mwaka huo huo katika utafiti wa kilimo, akajenga Chanika, Handeni. Kazi yake ilikuwa kupima namna mimea inavyopitisha chumvi mwilini na namna inavyopashana habari. Alinieleza hivi, nami nimeshika kama nilivyoshika. Mmea umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila kijumba kina utando, mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, na utando huo una milango na mabawabu. Chumvi zinazopita pale si za kuungia mboga tu. Kuna potasiamu, kuna kalisiamu, na kila chembe imebeba chaji yake. Mabawabu husukuma nyingine nje na kuzuia nyingine ndani, kazi isiyokwisha, mpaka ndani na nje ya utando vinatofautiana kama ncha mbili za betri. Ukiligusa jani, milango inafunguka ghafla, chumvi zinakimbia, kijumba cha jirani nacho kinashtuka na kufungua, na habari inasafiri hivyo mpaka mwisho wa tawi. Maji yanafuata chumvi, kijumba kinanywea, jani linalala. Hakuna mkwe wala haya. Ni umeme.

Maarifa hayo aliyatumia kwenye mpunga. Bondeni Korogwe kuna majaruba yaliyoingia chumvi mbaya, na yeye alipima mizizi ya mbegu moja moja, kutafuta ambayo mabawabu wake wanajua kuitoa chumvi hiyo nje. Wakulima waliomsikiliza walivuna. Wasiomsikiliza walikuwa wengi zaidi, na kosa hilo lina mwenyewe.

Mwaka 2016 aliitisha wakulima Chanika, akawaeleza kwamba mmea una umeme. Mzee Sabiri, jirani yake, akasimama na simu mkononi. “Mwanangu, basi nionyeshe nichomeke wapi kwenye mhogo, simu yangu imeisha chaji.” Watu wakacheka. Kaleb akanitazama mimi, bibi yake, niliyekaa mbele, akitaka nimwokoe. Nami nikasema kwa sauti kubwa, “Mume wangu, mimi nimedanganya miaka sabini, lakini uongo wa kimo hiki sijawahi kuufikia!” Watu wakavunjika mbavu. Kuanzia siku ile Chanika nzima ikamwita Bwana Umeme, na akija na ushauri wa mbegu, wanamuuliza bei ya uniti.

Hakunikasirikia. Jioni ile tulipokuwa tukila alisema tu, “Bibi, nikikuonyesha ukaona, utasema mbele ya watu wale wale?” Nikamwambia nitasema.

Baada ya mwezi akaniita kwenye chumba chake cha kazi. Kifauongo kilikuwa kwenye kopo, waya mwembamba wa fedha umegusa shina la jani, mwingine umechomekwa kwenye udongo, na kompyuta inaonyesha mstari uliotulia kama maji ya mtungi. Akaunguza ncha ya jani kwa kiberiti. Mstari ukaruka, ukashuka, na hapo ndipo majani yakaanza kufunga, jozi moja baada ya nyingine. Niliinama nikatazama chini ya meza kama kuna mtu. Nikamwambia nyaya ziwekwe kwenye kijiti kikavu nilichookota mwenyewe mlangoni, kisha akiunguze nacho. Akafanya. Mstari haukutikisika. Kaleb akakunja mikono. “Haya, Bibi.” Nami nikafikicha macho nikasema, “Macho ya kizee haya, mume wangu. Sijaona vizuri.”

Niliona vizuri kabisa. Nilitaka tu mchezo wetu usiishe. Kila alipokuja kunisalimia aliniuliza, “Macho yamepona?” Namwambia bado. Tulicheka hivyo miaka saba, na miaka saba hiyo watu waliendelea kumwita Bwana Umeme.

Mwezi Agosti 2023 miguu ilianza kumvimba. Hospitalini ikaonekana figo zimechoka. Alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akapanga chumba Tanga pamoja na mkewe, na siku za nafuu aliendelea kuandika vipimo vyake. Joyceline alimuuguza bila kuchoka, na familia inamshukuru mbele ya Mungu na watu.

Tarehe 27 Mei mwaka huu, 2025, nilikwenda kumwona wodini. Nilimkuta amebandikwa nyaya kifuani, na pembeni kuna kioo chenye mstari unaoruka. Nikasimama. Akasema, “Bibi, unautambua?” Nikamwambia nautambua, ni ndugu wa ule wa kifauongo. Akanieleza kwamba milango ni ile ile. Potasiamu ambayo figo zilipaswa kuitoa ilikuwa imejaa kwenye damu, na ikizidi, milango ya moyo inakosea zamu. Nikamuuliza, “Sasa nikikugusa utafunga majani?” Alicheka mpaka mstari ukacheza ngoma, muuguzi akaja mbio. “Bibi, tafadhali, mgonjwa usimchekeshe!” Muuguzi alipotoka, Kaleb akanishika mkono. “Macho yamepona?” Nikamwambia yamepona. “Utasema?” Nikamwambia nitasema siku akitoka. Akanitazama kama alivyotazama mizizi ile nyuma ya choo. “Na nisipotoka?”

Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa tano asubuhi, mkewe akiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka 42.

Juzi mzee Sabiri alikuja msibani, akakaa karibu yangu. Akasema, “Bibi Grasiana, mzaha wa simu nauombea radhi. Mimi niliuanza.” Nikamwambia, “Uliuanza, mimi niliumalizia.”

Basi ninyi wa Chanika mliokuja leo, sikilizeni, ninyi ndio wale wale. Mimi Grasiana, mwongo mnayemjua, niliona. Nilitazama chini ya meza, nikajaribu na kijiti kikavu, nikaona tena kifuani pake. Mmea una umeme. Kaleb Hiza hakusema uongo hata siku moja, na mwenye majaruba yenye chumvi akapande mbegu zile; Godlisten anayo orodha.

Marehemu ameacha mke, Joyceline, na watoto wawili, Grasiana wa darasa la sita na Richard wa darasa la pili. Mama yake, Evodia. Mdogo wake, Godlisten. Bibi yake, na kifauongo kimoja kwenye kopo, ambacho sasa kinakaa dirishani kwangu. Asubuhi nimekigusa, kikalala. Nikakaa nacho. Baada ya robo saa kikaamka. Mume wangu tangu Jumatatu nimemgusa mkono, nimemgusa paji la uso, nimengoja kuliko robo saa.

Nimesema, mume wangu, na mbele yao. Sasa pumzika, kwa amani.