Makala ya Kumi na Tisa ya Mjukuu Wangu

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi mliotoka chuoni, mimi ni bibi yake marehemu, nimesoma hadi darasa la tatu, kwa hiyo nikijikwaa mnisubiri, asiyeweza kusubiri mlango uko wazi.

Mjukuu wangu alizaliwa tarehe 11 Februari 1982 katika hospitali ya wilaya, akaanza shule mwaka 1989, na kila jioni alinisomea daftari lake jikoni, kila ukurasa ukiwa na tarehe, kwa sababu nilimfundisha kwamba kazi isiyo na tarehe ni uvumi.

Tarehe 3 Agosti 2008 aliolewa na fundi umeme huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa binti mmoja, na Januari 2009 akaajiriwa katika maabara ya ubongo, chumba namba 14, ambako alichunguza jinsi panya aliyelala anavyokumbuka njia aliyopita mchana, jambo nililodhani ni mzaha mpaka nilipoona mshahara.

Aliandika makala kumi na tisa, na kumi na nane kati ya hizo zimetajwa na watafiti wengine mara mia sita na tatu, naye alinieleza kwamba kutajwa ni kama mtu wa mbali kuapa kwa jina lako, lakini ile ya kumi na tisa, iliyotoka tarehe 6 Mei 2016 na kutajwa mara elfu mbili mia nne na kumi, juu ina jina la Profesa, mkuu wake, yule wa shati jeupe safu ya tatu, na marehemu ametupwa mwishoni kwenye shukrani, kwa herufi ndogo, eti kwa kulisha panya. Alipouliza, akaambiwa avumilie, naye akavumilia, mbivu akala mwingine, yeye akaachiwa maganda.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2021, akafariki Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, saa nne asubuhi, wodi namba tano, nikiwa nimemshika mguu. Kesho yake Profesa akanipigia simu, akaniita mama, akaomba yeye ndiye asome historia hii, halafu akauliza madaftari ya maabara yako wapi, ayatunze, nikamwambia yako salama, baba.

Yako salama kweli, kumi na moja, chini ya kitanda changu, kila ukurasa na tarehe yake, na kwenye ukurasa wa tarehe 20 Juni 2013 Profesa kaandika kwa mkono wake, akatia saini, kwamba jaribio hilo la panya, lile lile lililozaa makala ya kumi na tisa, ni upuuzi, aliache. Jana mkwe wangu, huyu fundi umeme, alipeleka nakala kwa wahariri wa jarida na kwa mkuu wa chuo, wote wamezipokea kwa saini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotuletea viti na maji, wenzake wa maabara waliokuja bila kutumwa, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, tunamshukuru Profesa kwa msaada wa kubeba kiti kimoja, alichokalia.

Wewe pumzika kwa amani, mjukuu wangu, mimi bado sijachoka.