Wakwe Waliotembezwa Makumbusho

Kwa Maman Georgette, pale kona ambapo barabara ya Ibanda inainama kuelekea ziwani, kuna banki moja ya ubao, mbabula ya makala, na birika la kahawa ambalo hata mvua ya mawe haijawahi kuliondoa motoni. Wenye banki wanajulikana. Kuna Juge, ambaye hajahukumu hata kuku. Alihangaika miaka na kesi ya kiwanja chake, kiwanja kikaenda, yeye akabaki na maneno ya tribunali. Kuna Satellite, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Na kuna Papa Cirhuza, wanayemwita Conservateur kwa sababu ni mlinzi wa Nyumba ya Mawe, ile villa ya Wabeleji iliyogeuzwa makumbusho hapo chini. Yeye, mke wake Agathe na watoto wanakaa kwenye annexe, kijumba cha nyuma. Juma hili lote Papa Cirhuza alikuwa anakunywa kahawa kama mgonjwa anayemeza dawa. Binti yake Ariane hamsemeshi. Wakwe wamenuna, ndoa inaning'inia, na kila asubuhi hawa wawili wanamtaka aeleze upya, utafikiri kuna siku hadithi itageuka iwe nzuri.

— Anza ku mwanzo, alisema Juge. Dosiye haisomwe kutoka katikati.

— Nilianza ku mwanzo jana. Na juzi pia.

— Jana kichwa ilikuwa inaniuma. Sema.

Papa Cirhuza alishusha pumzi mpaka kikombe kikatikisika.

— Dimanche, siku ya kanisa, bakwe balikuwa banakuya kwa présentation. Kujionesha, kusema kijana wao Jacques anamupenda Ariane. Nilimujulisha directeur ya musée mapema. Akasema pas de problème, Papa, nyumba iko kubwa. Kumbe ile dimanche yeye pia ameweka fête yake: Siku ya Babu na Bibi. Wageni bavae kizamani, batembezwe mu nyumba, kiisha bakule chakula ya kizamani ku bustani. Nikamurudilia: directeur, wageni yangu je? Akasema nyumba iko kubwa! Iko kubwa, ndiyo. Lakini portail ya kuingilia iko moja!

— Hapo njo kosa ya kwanza, Satellite alisema, akaandika hewani kwa kidole.

— Nani alikuuliza makosa? Basi. Bakwe banafika. Bababa na makoti na kofia, bamama na libaya na pagne, na koko ya kijana, koko Colombe, na fimbo yake. Vijana nyuma na kasha ya bia. Ku portail eko nani? Elysée, ule mama guide ya kutembeza wageni. Anaona mavazi ya zamani, anafurahi. "Bienvenue, muingie, tunaanzia ku salon!" Akabapeleka.

— Na bo habakusema kitu? aliuliza Maman Georgette, ambaye alikuwa amesikia yote haya kila siku lakini hapo hushindwa kunyamaza.

— Baseme nini, maman? Mutu ya heshima anafika ku portail anatangaza "tumekuya kutafuta bibi"? Ananyamaza! Anangoja apewe kiti, apewe kinywaji, njo aulizwe kimemuleta nini. Banajua adabu, bale batu. Balingoja kiti.

Hapo ndipo palipomchoma. Ndani ya Nyumba ya Mawe viti vimejaa, vya mbao nyekundu, vya ngozi, kimoja hata cha kuzunguka. Na kila kiti kina kamba kutoka mkono mmoja mpaka mwingine, mtu asikalie. Kamba hizo alizifunga Papa Cirhuza mwenyewe, fundo baada ya fundo, baada ya mgeni mmoja mnene kuvunja mguu wa sofa. Kwa hiyo wakwe zake waliingia salon wakaona viti vyenye kamba. Wakaingia bureau, kamba. Wakapanda ngazi. Hiki ni kitanda cha Mbeleji, msiguse. Hii ni baignoire yake ya kuogea, msiegemee. Wakafuata kimya, kofia mkononi, wakifikiri pengine ni desturi ya familia hii kuonyesha mali kwanza, au kupima uvumilivu wa wageni. Koko Colombe, yule nyanya wa kijana, magoti yakimwaka moto, akajaribu kujishusha juu ya kiti cha chumba cha kulia.

— Elysée akamuzuia, alisema Papa Cirhuza. "Maman, musikalie, iko ya zamani sana." Koko akamujibu: "Na miye? Miye niko mupya?"

Satellite akacheka mpaka akamwaga kahawa. Papa Cirhuza akamtazama kwa macho yaliyochoka, yule akafuta kicheko pamoja na kahawa.

— Kiisha akabapeleka ku mulango ya kutokea, "merci kwa kututembelea," akafunga. Bakajikuta ku barabara na kasha yao ya bia. Na Elysée akanifuata kule nyuma na furaha: "Papa, nimetembeza groupe moja ya heshima, habakugusa kitu, habakuuliza hata swali moja!" Nikakimbia ku barabara. Hakuna mutu.

— Na weye kule nyuma ulikuwa unafanya nini? Juge aliuliza, ijapokuwa jibu alilijua kama anavyojua sala ya Baba Yetu uliye mbinguni.

— Unajua nilikuwa nafanya nini, Juge.

— Kwa dosiye.

— Nilikuwa napokea wageni! Wageni ya fête, batu ya bureau fulani hapa Ibanda, balikosa njia bakatokea kwangu. Mavazi ya kizamani, kofia, libaya, sawasawa na bale bengine! Nikabapa biti bya kukalia. Agathe akabanawisha mikono. Bakakula kuku, bakakula sombe, sambaza, bugali yote. Mukubwa yao, Isidore, mutu murefu, nikamwita shemeji. Tukakunywa kasiksi ya ndizi mu kibuyu moja, miye naye. Nikatoa hotuba, Juge! Nikalia hata machozi! Njo Ariane akatoka na pagne yake mupya, akabaangalia, akaniangalia, akasema: "Papa, hawa ni banani?" Na bo bakapiga makofi. Bakatoa matelefone, bakamupiga mapicha.

Maman Georgette akamwongezea Papa Cirhuza kahawa. Ilikuwa heshima ya msiba, lakini haikudumu.

— Miye nasoma dosiye hivi, Juge alianza, akikunja mguu. Ulikunywa na Isidore mu kibuyu moja, mbele ya batu, na hotuba. Ile ni contrat. Kikawaida, Ariane ameshapewa famille ya Isidore.

— Isidore iko na bibi na watoto!

— Hiyo ni shida yake. Contrat inabaki. Inaomba annulation: Isidore arudi, arudishe kasiksi yako.

— Ataitoa wapi? Aliikunywa!

— Arudishe ingine ya kufanana. Sheria haiangalie ladha.

— Unapoteza wakati, Juge, Satellite akaingilia. Hii kitu ilipangwa. Directeur anataka annexe. Anakugombanisha na bakwe, Agathe anakasirika anarudi kwao, weye unamufuata, annexe inabaki wazi. Na Elysée eko ndani ya mupango. Nani amesema Elysée hamutaki Jacques?

— Elysée ameolewa.

— Njo vile banajificha! Na hujasikia ya mapicha ya ku barabara. Ile mapicha inafika Bruxelles. Famille ya ule Mubeleji banaona nyumba ya babu yao, batu banatoka ndani na kasha ku kichwa. Banafikiri tunahamisha bintu. Banapanda ndege. Banairudisha nyumba yao. Na weye Conservateur unabaki inje na kamba zako.

Papa Cirhuza alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuja hapa kutafuta shauri, kila asubuhi alikuja kutafuta shauri, na kila asubuhi alirudi nyumbani na kichwa kizito zaidi.

— Hapana, hapana, Juge alipandisha sauti, maana hakupenda kushindwa. Ubaya iko hapa: bakwe baliingia ku mulango moja, bakatokea ku ingine, bila kukula, bila kukaa. Ni maiti njo inapitishwa hivyo! Ile visite inabafunga. Inaomba ifunguliwe. Baitwe tena, baingilie ku mulango ya kutokea, batembee kinyume, kutoka baignoire mpaka ku salon, mpaka ku portail.

— Koko Colombe ashuke ngazi kinyumenyume? aliuliza Maman Georgette.

— Tutamushika.

— Muanguke naye bote?

— Na Elysée aeleze kinyume pia, Satellite akaongeza, sasa akiwa upande wa Juge. "Tulitoka kuona baignoire, tunaenda kuona kitanda." Hata directeur atakubali. Ataiweka kwa programu ya kila mwezi!

Papa Cirhuza aliinua uso.

— Directeur ameshaiweka.

— Nini?

— Jana ameniita ku bureau. Amesema batu ya Isidore balipenda sana, hakuna fête imepita ile. Ameniuliza kama Ariane anaweza kutoka tena na pagne yake mwezi ujao, na miye nitoe ile hotuba, na kama ile machozi naweza kuitoa tena.

Satellite akashusha kidole chake cha kuandika hewani.

— Minachoka, Papa Cirhuza alisema, na sauti ikampanda. Minachoka na directeur, na Elysée, na portail, na nyinyi! Kila siku nakuya hapa na mutoto wangu analia kule nyumbani, na nyinyi munaniletea Bruxelles! Munaniletea maiti!

Ndipo kijana mmoja aliposhuka kutoka upande wa juu, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi la mteremko. Akasimama mbali kidogo na banki, mikono mbele.

— Jambo yenu, bababa. Jambo, maman. Natafuta Papa Cirhuza.

— Musée imefungwa leo, alijibu Papa Cirhuza bila kumtazama.

— Sitafute musée, papa. Miye ni Jacques.

Kahawa iliyokuwa njiani kuelekea kinywa cha Juge ikarudi chini. Papa Cirhuza akamtazama kijana. Alikuwa hajawahi kumwona. Juma zima la maneno, na uso wa mkwe wake alikuwa hajawahi kuuona.

— Kikawaida, Juge alianza, kijana hawezi kukuya peke yake ku…

— Najua, papa, munisamehe. Hata nyumbani habajue niko hapa. Koko ndiye ameniuliza kitu asubuhi, na nimekosa cha kumujibu. Ameniuliza: kwa kina Ariane, banatutaka ao habatutaki? Ile tu. Sasa, papa, nikamuambie nini?

Juge alikunjua mguu. Satellite aliinamia simu yake, ijapokuwa kioo kilikuwa kimezima. Maman Georgette akayachochea makala yasiyohitaji kuchochewa. Papa Cirhuza aliona aibu, kwa sababu juma lote alikuwa na majibu tele ya nani alikosa, na hili moja, jepesi hivi, hakuna mtu wa nyumba yake aliyepanda Cimpunda, kwa kina Jacques, kulipeleka. Alikuwa anawangojea wao warudi.

— Tunabataka, alisema mwishowe, polepole. Tunabataka sana. Lakini nikikutuma weye na hiyo neno, koko atakuamini?

Jacques akafikiri kwa uaminifu.

— Hapana, papa.

— Hata miye nisingeamini.

Akasimama, akaweka kikombe juu ya banki.

— Unaenda wapi? Juge alishituka. Bila délégation? Bila kinywaji?

— Na koti ya kazi? Satellite alilia. Conservateur, na koti ya kazi?

Papa Cirhuza hakuwajibu. Alishika njia ya kupanda, kwa haraka, kifua mbele, kama mtu aliyejua anakokwenda, mpaka pale njia inapogawanyika, moja kwenda kushoto, nyingine kukata kati ya nyumba. Hapo akasimama. Aliangalia huku, akaangalia kule, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa nyuma yake.

— Pita mbele, mwanangu, alisema. Kwenu sikujue.