Dua ya Msichana wa Magongo

Hajati Nagwa alipomwona yule msichana wa magongo akipanda behewa la wanawake kwenye tramu, alianza kupanga maneno ya kumwomba dua. Mwanawe Tamer alikuwa anakwenda kuposa kwa mara ya tatu, na Aleksandria nzima inajua kwamba dua ya mlemavu haikawii njiani.

Bahati mbaya, msichana alikaa na mwanamke mwenye mguu wa bandia, na tayari walikuwa wanabishana.

"Dada Shahenda, chama cha walemavu kimekuleta unifundishe maisha au matusi?" msichana aliuliza.

"Yote mawili, Rodaina. Mtu akikuvamia na 'niombee' yake, mwambie umemwombea awe na haya, bado hujajibiwa."

"Mimi huwaombea kweli. Juzi mmoja alitaka mumewe arudi nyumbani."

"Akarudi?"

"Akarudi. Na mke wa pili."

Shahenda alicheka mpaka mguu ukagonga kiti cha mbele. Hajati akayameza maneno yake. Tamer asije akaletewa wachumba wawili.

"Ndiyo maana nakwambia uache! Wewe si simu ya Mungu."

"Na wewe ulipoacha ulipata nini? Mimi angalau watu wananisemesha."

Tramu ikasimama. Rodaina akajiinua kwa magongo yake ili ashuke, akageuka.

"Hajati, wewe uliyetusikiliza njia nzima, hebu niombee. Kesho nina mtihani wa hesabu."

Hajati, ambaye miaka yote sitini alikuwa mtu wa kuombewa tu, alitafuta neno la kuanzia mpaka tramu ikaondoka.