Chumba cha Pantaleo na Maji ya Kisima

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu wa Mlabani, Assalaam alaikum. Kabla ya habari za marehemu, anayewasomea, Brigita, dada yake wa tumbo moja, anaungama mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba juzi Jumatano jioni, akitafutia wageni wa msiba mahali pa kulala, alifungua chumba ambacho marehemu alimkataza kukifagia, akatoa chupa za dawa na vioo, akazimwaga dawa na kuvisuuza vioo pembeni mwa kisima chetu, na usiku ule mvua ikanyesha.

Pantaleo Adolf Njahani alizaliwa Mang'ula tarehe 27 Julai 1987, siku ya mtakatifu somo wake, mtoto wa pili wa mzee Adolf, fundi wa reli, na mama Dorika, akaanza darasa la kwanza hapohapo mwaka 1995, mtoto aliyeifumua tochi ya baba, akachapwa, na kesho yake akaifumua tena, akamaliza kidato cha nne hapa Ifakara mwaka 2005, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa maabara.

Mwaka 2011 aliajiriwa katika maabara ya chuo kimoja hukohuko, akajifunza kazi iliyomteka moyo, ya kutengeneza utando wa kunasa jua uitwao perovskaiti, kwa kudondosha dawa ya manjano juu ya kioo, kukizungusha kwa kasi hadi dawa itandae nyembamba kuliko ukungu wa pumzi, na kukiweka juu ya sahani ya moto, ambapo ile manjano hugeuka nyeusi, na ikigeuka vizuri hutoa umeme, lakini ikipata unyevu hurudi manjano na kazi yote ni bure.

Tarehe 26 Aprili 2014 alifunga ndoa na Edna, wakajaliwa Valentino na Oliva. Mradi wa maabara ile ulipofungwa mwaka 2023 alirudi Mlabani, akafunga feni za kompyuta za kuzungushia vioo chumba cha uani, akisema utando utakaovumilia masika ya Kilombero utavumilia popote, na majirani mkamwita Baba Chapati kwa vile vioo vyake vya motoni, naye akawajibu, "Chapati zangu haziliwi jamani, hata Kwaresima ikiwabana," ila kwa dada yake alisema kwa upole, "Dada, humu usiingie na ufagio," na dada, Mungu amsamehe, akadhani mdogo wake anaficha pombe.

Presha ilimwanza mwaka jana. Jumapili tarehe 16 Machi 2025 alianguka akitoka misa, akakimbizwa hospitali, na alfajiri ya Jumanne tarehe 18 akafariki, madaktari wakatueleza kwamba ni mshipa wa kichwani uliopasuka.

Jana Alhamisi mchana alifika Yasser, aliyefanya naye kazi Dar es Salaam, akatoa pole, akaulizia chupa, akaonyeshwa kisima, akakaa chini palepale kwenye tope, akasema dawa ile ina madini ya risasi, ambayo majini hayaonekani wala hayana ladha, kuchemsha hakuyaondoi, na mtoto mdogo na mama mjamzito ndio huumia zaidi, kisha akauliza ni akina nani wamechota, na Brigita akataja majina aliyoyakumbuka, si yote, kwa sababu asubuhi ile walichota wengi, akiwemo Edna, kwa uji wa wanawe.

Kisima tumekifunika kwa bati, maji yamepelekwa kupimwa na majibu hayajaja, na chakula cha leo kimepikwa kwa maji ya bomba la jirani yetu Safina, hivyo kuleni bila hofu, hofu tuachieni sisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya yetu, majirani wote, na wenzake wa kazi waliosafiri usiku kucha. Mdogo wetu, Mungu akupokee, ulale kwa amani.

Nawe uliyechota kwetu kati ya Jumatano jioni na jana mchana, hata kama ni kidumu kimoja, tunakuomba usiyanywe maji yaliyobaki wala usiyamwage, ukitoka makaburini mwone Yasser, huyu aliyesimama kulia kwa jeneza, umtajie jina lako, na kesho asubuhi utuletee watoto wakapimwe damu.